Ndoo ya Kimea na Wanga Uliotoweka

Nimekabidhi funguo za maabara. Zilikuwa saba, na mbili kati yake sijui zinafungua nini. Nilizikuta hivyo, nami nimeziacha hivyo, kwa hiyo atakayegundua mlango wake aniambie. Wadogo zangu mafundi sanifu mliobaki huko Kibondo na Kasulu mliniomba niandike mambo ya kazi. Mmoja wenu alisema, "Madamu Konso, andika mapema, usije ukaondoka nayo." Nashukuru kwa kunitakia maisha marefu.

Vyeo sitavitaja, maana havitajaza hata mstari. Mishahara nayo mnaijua, ni hiyo hiyo mnayoilalamikia leo. Nitaandika habari za wanga. Kwa miaka thelathini na kitu niliupika, niliupima kwa iodini, na jioni nikaenda nyumbani kuula kwa maharage. Wanafunzi waliniita Madamu Iodini kwa sababu vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa na rangi ya kahawia mwaka mzima. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alidhani navuta sigara kwa siri, na ilimchukua miezi kuamini.

Nilianzia Kibondo, shule moja upande wa Kumsenga, asubuhi ya baridi yetu ile ambayo mtu akisalimia hutoka moshi mdomoni. Mkuu wa shule alinifungulia maabara kwa fahari. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi, baiskeli isiyo na mnyororo, na fuvu la mbuzi lililobandikwa karatasi iliyoandikwa "Binadamu". Mahindi yalihamishwa baada ya wiki mbili. Ile karatasi niliibandua siku hiyo hiyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Bitariho, mwalimu wa Baiolojia, mtu mfupi mwenye sweta lililotiwa viraka kwenye viwiko. Siku ya kwanza alinipa kipande cha muhogo uliochemshwa, akasema, "Tafuna, usimeze. Hesabu mpaka mia." Nilitafuna. Nilipofika themanini, mdomo ulikuwa mtamu kama nimelamba sukari. Nilitaka kuuliza lakini mdomo umejaa, naye aliutumia vizuri ukimya wangu.

"Mate yako yana kimeng'enya," alisema. "Kimeukata wanga, umekuwa sukari. Mmea unatengeneza sukari juani, kwenye jani. Sukari inayeyuka kwenye maji, haitunziki kirahisi. Kwa hiyo unaiunganisha, unaifanya wanga, unaiweka chini kwenye mzizi. Wewe umekuja kuiba, na mdomo wako unajua kufungua ghala. Meza sasa."

Nilimeza. Nikamuuliza nguvu yenyewe inakaa wapi, kwa maana chuoni niliikariri ATP, ile kemikali inayobeba nguvu ndani ya seli, mpaka nikaiota, lakini sikuwahi kuielewa.

"Muhogo ulioko shambani unakaa mwaka, hata miwili," alisema Bitariho. "Lakini hulimi kwa nguvu ya muhogo ulioko ardhini. Lazima uuchimbe, uusage, uusonge, mpaka uwe tonge mkononi. Tonge haliwekwi akiba, Konso, tonge linaelekea mdomoni. Seli nayo ni hivyo. Akiba yake ni wanga, au mafuta. ATP ndiyo tonge. Inatengenezwa sasa hivi, inatumika sasa hivi. Ukimwona mwanafunzi ameandika kwamba seli inatunza ATP ya mwezi mzima, muulize kama ameshaona mtu analala na tonge mkononi."

Nimewafundisha walimu wengi kwa maneno hayo, na kila mara nilijifanya ni yangu. Leo naungama.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya jani. Mnaijua: unafungia mmea gizani siku mbili, seli zake zinamaliza wanga uliokuwa kwenye majani, kisha unachuma jani, unalichemsha kwenye maji, unaliloweka kwenye spiriti iliyokalishwa ndani ya maji ya moto mpaka ukijani utoke, halafu unadondoshea iodini. Jani la gizani halibadiliki. Jani la juani linakuwa bluu-nyeusi, maana ndiyo rangi ya iodini ikikutana na wanga. Na nyinyi mnaoweka spiriti moja kwa moja kwenye moto, endeleeni tu, nyusi huota tena.

Mimi nilipanda maharage kwenye kopo, nikayafungia kabatini siku mbili kamili. Jani likawa jeusi tii. Nikarudia, likawa jeusi. Wiki ya tatu nilianza kuilaumu iodini, nikalaumu spiriti, nikamlaumu hata aliyenifundisha chuoni. Bitariho hakulaumu kitu. Alichukua kiti, akakaa nyuma ya maabara tangu asubuhi na gazeti lake la zamani. Saa mbili akatoka mama mhudumu wa usafi na kopo langu mikononi. Akaliweka juani, akalimwagia maji, akaliambia pole.

"Mama, unafanya nini?" Bitariho akamuuliza.

"Namtoa aote jua kidogo, mwalimu. Kabla sijaondoka namrudisha." Kisha akanigeukia mimi kwa uchungu wa kweli. "Mwanangu, kosa lake nini mpaka afungwe?"

Tulimweleza usanisinuru kwa Kiswahili na kwa Kiha, akasikiliza kwa adabu zote, na kesho yake akayatoa tena. Mwishowe tuliafikiana naye kama wanavyoafikiana polisi na ndugu wa mtuhumiwa: siku mbili tu, kisha tunayaachia, na yeye mwenyewe ndiye atakayefungua kabati. Jani lilitoka safi, na kila mwaka baada ya hapo mama yule alikuwa anahesabu saa kuliko mimi. Bitariho aliniambia, "Majibu yakija tofauti, usianze na dawa. Anza na kujua nani kapita hapo." Alistaafu kabla yangu, na ninasikia hadi leo anawatafunisha wajukuu muhogo.

Kutoka Kibondo nilipelekwa Titye. Huko tulipima nguvu iliyomo kwenye karanga: unaichoma kwa sindano, unaiwasha, unaishikilia chini ya testi tyubu yenye maji, unaangalia joto limepanda kiasi gani. Karanga moja inawaka muda mrefu kuliko mtu anavyotegemea, kwa sababu ya mafuta. Hapo ndipo pa kumweleza mwanafunzi kwamba ndani ya seli chakula hicho hicho kinavunjwa hatua kwa hatua, bila moto, la sivyo tungekuwa tunatoa moshi kila baada ya mlo. Somo lilikuwa zuri. Shida ni kwamba nilipeleka karanga arobaini, na wakati wa kuwasha zilibaki tatu. Mwaka uliofuata nilizipaka wino wa bluu. Zilibaki zote isipokuwa moja, na kijana mmoja alimaliza siku na midomo ya bluu akisisitiza kwamba ni baridi.

Kisha nikaja Kasulu mjini, nikapanga nyumba Heru Juu, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Mkaguzi wa kwanza niliyempokea alinikuta na somo la hamira. Tulikuwa tumeweka hamira na sukari kwenye maji ya vuguvugu ndani ya chupa, na kwa kuwa hatukuwa na puto nilivisha mdomo wa chupa glovu ya hospitali. Hamira inavunja sukari ipate nguvu, inatoa gesi, na isipopata hewa inaacha kileo. Mkaguzi alipoingia wanafunzi walisimama. Na ile glovu nayo, kidole kimoja kimoja, ikasimama. Alikaribia, akanusa chupa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hii ndiyo kazi tunayofanya shuleni. Nilimjibu kwamba ndiyo, ila wenyeji wa hapa waliijua kabla ya serikali.

Sasa niwaeleze habari ya ndoo, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake. Kuna anayesema niliwapa watahiniwa pombe. Sikuwapa.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, Baiolojia kwa vitendo. Watahiniwa walikuwa themanini, na maabara inachukua arobaini, kwa hiyo makundi mawili. Maelekezo yaliniagiza niandae mchanganyiko A, wenye wanga na ute wa yai. Mtahiniwa anaupima kwa iodini kutafuta wanga, kwa dawa ya Benedikti kutafuta sukari, na kwa dawa nyingine kutafuta protini, kisha anaandika alichokiona. Jibu lilitakiwa kuwa: wanga upo, protini ipo, sukari hakuna.

Ndoo zangu mbili za maabara zilikuwa zimekwenda jikoni kwenye mahafali. Moja ilirudi inanuka mafuta, nyingine haikurudi kabisa. Nikaenda kuazima kwa jirani yangu, Mama Yustina. Wazazi wake walikuja wakikimbia kutoka Burundi, yeye ni raia siku nyingi, na alikuwa anapika pombe ya mtama iliyosifika mtaa mzima. Binti yake, Yustina, alikuwa mmoja wa watahiniwa wangu, msichana mkimya ambaye jioni utamkuta anageuza mtama kwenye mkeka. Mama alinipa ndoo nyeupe yenye mfuniko, akanionya niirudishe.

Niliisuuza mara mbili kwa maji ya baridi. Ilinukia vizuri, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Alasiri ya siku moja kabla nilipika wanga kwenye sufuria yangu, nikadondoshea tone la iodini kwenye kijiko, likawa bluu-nyeusi. Nikaridhika. Ukiwa bado wa moto kiasi nikaumimina kwenye ndoo, nikafunika, stoo ikafungwa. Asubuhi nikaongeza ute wa yai. Sikupima tena. Andikeni hilo popote mnapoandika mambo, mchanganyiko unapimwa dakika ya mwisho, kwenye chombo utakachogawia. Mimi nilikuwa na uzoefu, na mwenye uzoefu ndiye anayeruka hatua.

Msimamizi alikuwa Mwalimu Shabani kutoka shule nyingine, mtu wa swala tano na saa ya mkononi asiyoivua. Kundi la kwanza liliingia, likafanya kazi kimya, likatoka. Karatasi zikafungwa kwenye bahasha. Waliotoka walipelekwa darasa la jirani wakae chini ya ulinzi wasikutane na wenzao. Mimi nikaingia kuosha vyombo.

Kwenye trei kulikuwa na testi tyubu arobaini za kipimo cha iodini. Zote zilikuwa za kahawia, rangi ya iodini yenyewe ya kawaida. Hapakuwa na hata moja ya bluu-nyeusi. Na zile za Benedikti, ambazo zilipaswa kubaki bluu, zilikuwa nyekundu kama tofali. Maana yake wanga hakuna, sukari tele. Nilichota kwenye ndoo, nikapima mwenyewe. Kahawia.

Dirisha la lile darasa la jirani lilikuwa wazi, na sauti zikanifikia.

"We Yustina, umeandika hakuna wanga? Umekwisha, dada!"

"Nimeandika nilichoona."

"Kila mwaka A ina wanga! Hata Madamu kasema."

"Oya, mwacheni, kashachagua shamba," akasema mwingine, wakacheka.

Ni kweli, Madamu alikuwa amesema. Kila mwaka, wiki ya mwisho, nilikuwa nawaambia kwa mzaha kwamba mchanganyiko A haukosi wanga kama vile Kasulu haikosi muhogo. Wao wakaubeba mzaha wangu mpaka kwenye chumba cha mtihani. Kwa niliyoyasikia pale dirishani, thelathini na tisa walidondosha iodini, wakaangalia rangi ya kahawia, wakaandika bluu-nyeusi kwa Kiingereza kizuri cha kukariri. Mmoja aliandika kahawia.

Kwanza ilibidi niwaokoe wa kundi la pili. Nilimwambia Mwalimu Shabani kwamba mchanganyiko umeharibika na sijui kwa nini. Hakupiga kelele. Aliangalia saa yake, akasimama juu ya kichwa changu wakati napika mwingine, na safari hii nilimuonyesha tone likiwa bluu-nyeusi kabla na baada ya kuongeza ute wa yai. Niliuacha humo humo kwenye sufuria. Kundi la pili likafanya mtihani wake vizuri.

Walipomaliza wote, Yustina alikuja mlangoni.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Ile ndoo si yetu?"

"Ni yenu."

"Mama anawekaga unga wa kimea humo." Akaniangalia kama anayemwonea mtu huruma. "Ukiweka kimea kidogo kwenye uji mzito, unakuwa maji, halafu unakuwa mtamu. Nilipoona iodini haibadiliki nikajua kimeula."

Nilikaa kwenye stuli. Kimea ni mtama ulioloweshwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Mbegu inapochipua inahitaji kula akiba yake, hivyo inatoa kimeng'enya kile kile kilichomo kwenye mate, cha kukata wanga kuwa sukari. Ndicho wapikaji wanachokitumia, wapate sukari ya kuilisha hamira. Mabaki kwenye pembe za ndoo yalikutana na wanga wangu wa vuguvugu, yakawa na usiku mzima wa kufanya kazi bila kusumbuliwa. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo miaka yote hiyo, na sikulitambua lilipokuwa ndani ya ndoo niliyoishika.

"Mbona hukusema kwenye mtihani?" nikamuuliza.

"Kwenye mtihani haturuhusiwi kuongea, Madamu."

Kisha akaniuliza, "Sasa mimi nitafeli? Wao wameandika jibu la kweli, mimi nimeandika la ndoo."

Nilimwambia aende nyumbani, na kwamba jibu la kweli ni lake. Lakini alipoondoka nilijua kwamba kusahihisha kutafanyikia mbali, na anayesahihisha atakuwa na karatasi inayosema wanga upo. Nisiposema neno, thelathini na tisa watapata alama, mimi nitabaki na jina langu, na Yustina peke yake atalipia. Nikisema, mambo yanageuka: wao watakosa, na mimi nitakuwa fundi aliyeweka mtihani wa taifa kwenye ndoo ya pombe. Sitajifanya malaika. Nilishawishika kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai, na nilikinywa taratibu.

Kikombe kilipoisha nilimuita Mwalimu Shabani. Nilipika wanga kidogo, nikauacha upoe kidogo, nikakwangua mabaki kwenye pembe za juu za ndoo, nikayaloweka kwa maji kidogo, nikayatia humo. Kila baada ya dakika chache nilipima tone kwa iodini juu ya kigae cheupe. La kwanza bluu-nyeusi, kisha zambarau, kisha wekundu fulani, na mwishowe kahawia tupu. Mwalimu Shabani aliinama mpaka pua ikakaribia kigae.

"Subhanallah," alisema. "Kimeula wote?"

"Wote."

Akachukua kalamu na karatasi ya taarifa, akasita. "Sasa niandike nini, Madamu? Mimi tangu kuzaliwa sijaonja pombe, leo niandike kwamba imeingia kwenye mtihani wangu?"

Tulishauriana tukaandika "mabaki ya nafaka iliyochipuliwa". Ni kweli tupu, na inasomeka kama mambo ya kilimo.

Taarifa ilitakiwa isainiwe na mkuu wa shule. Mkuu wetu alikuwa mwalimu wa Jiografia, mtu mwema anayependa shule yake ionekane. Aliisoma mara mbili, akaiweka mezani, akaiegemea kwa kiwiko kana kwamba itaruka.

"Madamu Konso, unataka kuwaangusha thelathini na tisa kwa ajili ya mmoja? Hesabu gani hiyo?"

"Yule mmoja ndiye aliyefanya mtihani, mkuu."

"Na wenzake walifanya nini? Watoto thelathini na tisa waone bluu-nyeusi, halafu wewe useme haikuwepo? Labda iodini ya huyo binti ndiyo iliyokuwa mbovu."

"Twende tukawaulize," nikasema. "Bado wako shuleni, wanasubiri mvua ipungue."

Alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika. Tulikusanya kundi la kwanza maabara, Yustina naye, ambaye mvua ilikuwa imemkwamisha kibarazani. Mwalimu Shabani alisimama kando. Nilichukua testi tyubu safi, nikaijaza kutoka kwenye ile ndoo mbele ya macho yao, nikadondoshea iodini matone matatu, nikatikisa, nikainua juu kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ya kahawia, ingeonekana hata kutoka barabarani.

"Huu ni mchanganyiko A," nikasema. "Rangi gani?"

"Bluu-nyeusi, Madamu!" wakajibu kwa pamoja, kwa nguvu, macho yao yote kwenye testi tyubu.

Mkuu wa shule akatoa miwani mfukoni, akaivaa.

"Angalieni vizuri. Rangi gani?"

Safari hii sauti zilipungua, lakini hazikubadilika. Kijana mmoja wa mbele, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza darasani, aliona mambo yanakwenda vibaya akainua mkono. "Ni bluu-nyeusi iliyopauka, Madamu."

"Yustina?"

"Kahawia."

Hakuna aliyecheka. Mkuu alinipokonya testi tyubu, akaenda nayo dirishani, akaigeuza huku na huku. Aliporudi uso wake ulikuwa umezeeka. "Miaka minne," alisema, siyo kwao, kwangu. "Miaka minne wako mikononi mwetu." Akaomba kalamu ya Mwalimu Shabani, akasaini amesimama, akaandika na jina kamili chini yake.

Niliwaangalia wale watoto nikaona aibu, na aibu hiyo haikuwa yao. Niliwaambia waende, mvua ilikuwa imepungua.

Waliopokea taarifa yetu hawakutujibu. Walichonijibu mimi ni barua ya onyo, karatasi moja, kwa uzembe katika uandaaji. Ninayo mpaka leo, na anayetaka kuiona aje na sukari. Matokeo yalipotoka, wengi wa wale thelathini na tisa walifaulu somo, wengine kwa kuponea chupuchupu. Sikuambiwa lile swali lilisahihishwa vipi. Mbele ya jina la Yustina, kwenye Baiolojia, kulikuwa na A. Niliisoma ubaoni mara tatu, nikalia mbele ya watu, kisha nikapanda bodaboda mpaka kwao.

Mama Yustina alikuwa uani anageuza mtama juani.

"Mwakeye, Mama Yustina," nikamsalimia kwa Kiha. "Binti yako amepata A ya Baiolojia."

"Iyo A ni ya juu?"

"Juu yake hakuna nyingine."

"Mana yanje! Mungu wangu!" Akaketi pale pale juu ya mkeka, mtama ukamwagika pembeni. Alilia, akacheka, akajifuta kwa kanga. Kisha akaniuliza, "Na wewe wamekupa nini?"

"Barua ya onyo."

"Kwa kosa gani tena?"

"Kwa kutoosha ndoo yako vizuri."

Alicheka mpaka kuku wakakimbia. "Ungeniambia ni ya mtihani, mwalimu, ningeiosha mie mwenyewe kwa majivu na maji ya moto! Ingekuwa safi!"

"Ingekuwa safi," nikamwambia, "na Yustina angekuwa mmoja wa arobaini walioandika bluu-nyeusi, na mimi ningempa hongera kama wengine."